Faili Mbili

Miaka kumi na minne Lejna Wićazowa
amekitunzia hesabu chama cha wafuga nyuki
kwa Kijerumani, maana kompyuta
haikumuuliza.
Speichern, ilisema. Abbrechen. Naye akabonyeza,
kama mtu aliyeazima viatu vya jirani:
vinaingia, havibani sana, sokoni unafika,
ila ukivivua jioni, nyayo zinajua.

Leo mjukuu wake Měrćin kaja na toleo jipya
ndani ya flashi, mfuko mmoja na funguo.
"Bibi, fungua mipangilio." Kafungua.
"Shuka." Kashuka.
"Bado. Lugha." Hapo kaivaa miwani.

Orodha ndefu, foleni ya posta siku ya pensheni,
kila lugha imesimama kwa jina la kwao,
haikudaiwa kitambulisho:
Français, Gaeilge, Galego,
kisha Hornjoserbsce,
kisha Hrvatski, na wengine nyuma yao.

Lejna analijua hilo jina.
Kaliona kwenye kitabu cha sala, kwenye mawe ya makaburi,
lugha yenyewe kaiona kwenye vibao vya barabarani,
mstari wa chini,
mara nyingine imepakwa rangi nyeusi usiku
na mtu asiyejulikana, anayejulikana.
Hajawahi kuiona ikingoja kubonyezwa.

Kabonyeza.
Kimya.
Programu ikasema, kwa Kijerumani, kwa adabu,
kwamba lugha uliyoichagua itaanza kutumika
utakapoizima programu na kuiwasha tena.
"Kuzimwa tunakujua," kasema Lejna,
akaenda kukata keki.

Miezi mitano Měrćin alitafsiri,
akitoka zamu ya usiku hospitalini Budyšin,
maneno yasiyo na mama:
buruta, bandika, kishale, tendua.
Mwenye programu, mtu wa Tartu wasiyewahi kuonana,
alimwandikia: Lugha yenu ina maumbo mangapi ya wingi?
Manne, alijibu.
Yule akadhani kidole kimeteleza.

Hakikuteleza. Sisi kwetu ni umoja, ni wingi,
na ngeli za kumtoa mgeni jasho.
Wao wana chumba cha katikati
kisichoingia ila viwili:
dataja, ikiwa moja,
dataji, zikiwa mbili, mbili tu,
dataje tatu au nne, datajow kwenda mbele.
Wana neno *mój*, maana yake sisi,
lakini sisi wawili, mlango umerudishwa.
Akibisha wa tatu, neno linatoka kwa dirishani.

Programu imewaka.
Lejna anafagia mambo ya zamani.
Kaweka alama kwenye hesabu ya mizinga, mwaka wa baridi kali,
na barua moja aliyoiandika Beno
kulalamikia bei ya sukari ya nyuki.
Kabonyeza futa.
Kikajitokeza kijisanduku kumuuliza
kama kweli anataka kuzifuta
dataji.

Tangu wamzike Beno, nyumba hii
inahesabu moja. Krismasi, saba.
Sahani, moja. Mto, mmoja.
Hakuna aliyesema naye kwa umbo hilo
miaka sita, hata padri,
na sasa mashine, isiyomjua mtu,
imelitamka bila kupepesa.

Měrćin kaona mkono wa bibi umesita juu ya kipanya.
"Imekwama?"
"Haijakwama."
Kaisoma tena, midomo ikicheza bila sauti.
Kisha kabonyeza *Přetorhnyć*, ghairi,
faili zikabaki, mbili, pale pale.

"Ila hili neno lako la mipangilio," kasema,
akipangusa makombo juu ya kibodi,
"mama yangu asingelisema hivyo hata kidogo.
Chukua kalamu."

Měrćin kachukua kalamu.