Sekunde Thelathini

Mvumi, saa mbili usiku, bando la siku moja.
Nimefungua mipangilio. Bibi Masigati kaketi,
kilemba kipya, uso kaukaza kama wa picha ya pasipoti.

Kamera: nimeizima. Kaiwasha.
Kaigeuza itazame ghala la uwele.
"Mimi Chidumizi ananijua. Aone hiki."

Ujumbe wa sauti: rekodi salamu yako.
Mashine inatoa sekunde thelathini.
"Mbukwenyi," akaanza. "Umeamkaje? Mwili je? Wenzio hawajambo?
Mvua huko? Mifugo imeshiba? Na..."
Tiii.
Mara ya pili hakufika hata kwenye mvua.
Nikamwambia, sema tu haupo, aache ujumbe.
"Nimwambie mwanangu sipo, na nipo?"

Basi nikahifadhi ile ya kwanza, iliyokatika.

Jumanne alikuwa shambani akifukuza kweleakwelea;
kompyuta ikaita, ikajipokelea yenyewe.
Jioni tukasikiliza.
Chidumizi, pumzi ndefu, halafu moja moja:
Nimeamka salama. Goti linauma kidogo.
Wenzangu wamehama.
Huku ni theluji. Mifugo sina, Mama.
Na nini?
Ulitaka kuuliza na nini?

Bibi hakunitazama.
"Bonyeza tena."