Ramani Mfukoni mwa Koti

Koti limekuja na zipu iliyong'oka meno matatu.
La Kazungu, wa ghala la barafu la samaki, Liwatoni.
Alilipata Kongowea, belo likifunguliwa,
akapigana viwiko na watu wa bodaboda.
Kabla sijatia mkasi nikapekua mifuko, ada ya fundi:
tishu iliyokauka, sarafu ya nchi nisiyoijua,
na karatasi iliyokunjwa mara nane.

Nikaikunjua juu ya cherehani.
Mlima mzima. Mweupe, umejaa mistari
ya kijani, ya buluu, myekundu, myeusi,
kama kazi ya mwanafunzi asiyeamua rangi ya uzi.
Juu kabisa, penye mita elfu mbili mia tisa,
mtu amechora duara kwa kalamu,
akaandika neno moja. Siwezi kulisoma.

Basi nikaanza kupanga safari.

Kwenye daftari la vipimo, baada ya Mama Zuleha
(kifua arubaini na nne, mkono kumi na tisa),
nimeandika: Siku sita. Mwezi wa pili,
theluji ikiwa imeshiba.
Nauli, angalia. Viza, angalia sana.
Bima ya mifupa.
Chumba chenye dirisha la upande wa mlima,
chai ya asubuhi ndani ya bei.
Viatu vya kukodi; nasikia huvaliwa kama plasta ya hospitali.
Mwalimu wa kuteleza, masaa mawili kwa siku,
anayejua kufunza mtu wa miaka hamsini na sita
bila kumwita bibi.
Nimejumlisha. Ni kanzu mia nane na kumi,
bila kula, bila kodi ya kibanda,
hata mwaka ukiwa na Idi tano.

Wifi yangu Mwanahamisi kachungulia daftari:
"Wenda kulipa ili uanguke?
Ngazi za Kuze huangusha bure."
Sikumjibu. Aliye juu mngoje chini.
Nitamwambia hivyo nikishateremka.

Kazungu alikuja saa kumi, vidole vimepauka.
Nikamuuliza, kama anayeuliza njia:
baridi ikoje?
Alifikiri. Watu hawamuulizi.
"Huanzia puani, nywele zikasimama kama sindano.
Soksi mbili, mama, lakini zisibane.
Usishike chuma kwa mkono mtupu.
Ukianza kuona usingizi mtamu, toka nje."
Akanyamaza, akavuta zipu juu, chini, juu.
"Ila baridi yangu haina cha kutazama.
Ni jodari tu, na taa."

Nikamwonyesha ramani.
Aliifuata ile njia nyeusi kwa ukucha,
toka kwenye duara, kona kwa kona, polepole
mno kwa mtu aliyesema ana haraka,
hadi kwenye vijumba vya bondeni.
Ndipo akapumua.
"Kumbe hili koti limeshakwenda," akasema,
akajitazama mikono yote miwili ndani yake.

Sikumtoza ya zipu. Aliniachia karatasi,
kwa sharti nimletee maana ya lile neno.

Usiku nimefunga kibanda kwa ndani.
Rula mbili za mbao, za yadi,
nimezifunga miguuni kwa lastiki ya sketi.
Magoti nimeyakunja. Kifua mbele.
Feni nimeigeuza inipige usoni,
na mabaki ya bitana nyeupe
yameruka yakanitua begani, moja likakaa.
Sakafu ni saruji, haina mteremko wa kumpa mtu.
Nyuma ya kisogo changu, juu sana, ni lile duara.
Labda limeandikwa hatari.
Labda hapa tulikula machungwa.
Labda ni jina la mtu, na mimi nitafika nimsumbue.

Nimeegemea.
Rula ya kushoto imesogea.
Inchi mbili na robo;
nimesoma humo humo kwenye rula.