Kufuta Waya

Fremu ishirini na nne kwa sekunde moja.
Mtoto anaruka juu ya mapaa ya mji nisioujua
na katika kila fremu, kiunoni mwake, waya.
Kazi yangu ni huo waya.

Mwezi wa sita, Isanga. Baridi imeingia hadi kwenye kitasa.
Nimejitanda khanga ya mama juu ya sweta
na ninafuta.
Ukifuta waya sharti urudishe kilichokuwa nyuma yake:
kipande cha anga, tofali, theluji
ambayo sijawahi kuishika
ila rangi yake ya alfajiri naijua
kuliko ya Loleza, uliopo hapo nje
ukungu umeufuta, na hakuna anayelipwa kuurudisha.

Kazi huletwa na Anyosisye.
Yeye hupewa na mtu wa Dar, wa Dar na mtu wa mbali zaidi.
Hela nayo hurudi kama maji ya viganjani:
kila kiganja kinalowa,
mimi nanawa kidole.

Fremu ya mia tatu na sita, umeme ukakatika.
Mtoto akabaki hewani,
nusu ana waya, nusu hana.

Sebuleni mama alikuwa na ungo na tochi ya simu,
mchele wa Kyela, wa kupeleka Mwanjelwa asubuhi.
“Usiku kucha unachora nini?”
“Sichori, mama. Natoa.
Nikitoa vizuri, isijulikane kama kulikuwa na kitu.”
Akacheka. Jiwe likalia koponi, ti.
“Na mimi je? Nani aliwahi kusifu
jiwe ambalo hakulitafuna?”

Filamu ilitoka mwaka uliofuata.
Tuliitazama kwenye kompyuta ileile, mama na blanketi lake,
hadi mwisho, majina yakaanza kupanda:
wapishi, madereva, aliyemtunza mbwa.
“Limepita?”
“Bado.”
Yakapanda. Muziki ukaisha, yakapanda kimyakimya.
“Limepita?”
Kioo kikawa cheusi, tukajiona humo wawili.
“Limepita, mama.”

Hakusema kitu. Alivuta blanketi.
Halafu: “Rudisha pale mtoto anaporuka.”

Nikarudisha.
Akaruka, mwepesi, juu ya mapaa.
Hata mimi ninayejua ulipokuwa
sikuuona.