Chupa Tatu

Chupa tatu zimefika Budadiri, Khainza.
Ya nne ilipasukia Entebbe, au angani, nani ajuaye;
soksi ulizozivingirishia zimelowa mafuta,
na kijana wa posta pale Mbale alinusa kidole chake
akaniuliza: mama, hii ni dawa ya mgongo?

Nikamwambia ndiyo.

Kifuniko kilinishinda. Kikamshinda na Gidudu,
yeye ambaye, kwa maneno yake, hufungua nati za trekta kwa meno.
Mwishowe nikakigonga ubavuni kwa mwiko, mara moja,
kikapiga chafya,
na jikoni mwangu ukaingia mlima nisioujua.

Umeandika: hii ya kijani ni majani yale yawashayo,
tuliyachuma kwa glavu kabla hayajatoa maua,
tukayasaga na jibini na mbegu za msonobari.
Nimecheka peke yangu hadi paka akatoka nje.
Majani yale! Yaliyokuchapa miguu njia ya mtoni,
ukarudi na ndoo tupu, unalia, nikakupaka majivu.
Kumbe yana bei. Kumbe yana lebo ya dhahabu
na picha ya mnara wa kanisa.

Muulize bibi Ornella
kama na kwao waliyala kwa njaa kwanza,
ndipo yakaja kuwa adabu ya mezani.
Atanyamaza kidogo, kisha atasema ndiyo.
Namjua, ingawa simjui.

Ya pili, vitumba vya maua ya mwituni vilivyolala katika siki,
vidogo kama vifungo vya gauni la ubatizo.
Nilitafuna kimoja. Nikanuna.
Nikatafuna cha pili kuhakikisha kwamba nimenuna.

Sasa sikia nilivyopika.
Malewa niliyashusha darini, kwenye moshi,
yale aliyoyavunja shangazi yako Mutonyi
kule juu, mianzi inakoshikana mikono na ukungu,
askari wa msitu akijifanya anafunga kamba za viatu.
Nikayaloweka usiku kucha, nikamwaga maji meusi,
nikayachemsha na maji ya majivu ya maganda ya maharage
hadi yakakubali ukucha.
Karanga nilizitwanga; mashine huzichosha.
Na rojo lilipoanza kufumbua macho, moja hapa, moja pale,
nikaipua,
nikachota kijiko cha kijani,
nikatazama mlangoni kama mtu anayetaka kuiba,
nikatia.
Vile vitumba nikavinyunyiza juu, saba tu.
Ndiyo, nilivihesabu.

Mutonyi alisema malewa hayapendi wageni,
ni chakula cha wavulana wanaongoja kisu,
si cha kuchezewa na siki ya wazungu.
Alisema hayo yote katika sahani ya kwanza.
Katika ya pili hakusema kitu.

Baba yako alikula akitazama ukuta.
Akaniuliza ni nani aliyechuma.
Nikamwambia ni Khainza, kwa glavu.
Akaifuta sahani kwa tonge la mwisho la matoke, polepole,
ukingo wote, kisha katikati,
akaenda kuwafunga mbuzi
waliokuwa wamefungwa tangu jioni.

Ya tatu sijaifungua.
Nimeisoma lebo kwa miwani, herufi kwa herufi:
vitunguu mwitu, sijui na nini, mafuta,
na chini yake tarehe ya mwisho, mwezi wa sita.
Mkataba wako nao, ulisema kwenye simu, mwezi wa sita.
Unasema hivyo tangu mwaka juzi.
Nimeiweka rafuni kando ya redio,
mahali ambapo jua halifiki na Gidudu hafiki,
nione
ni kipi kitakachotangulia.