Ngeli ya Nondo

Umeme uliporudi Bwiru
nilimkuta ukutani, juu ya rundo la insha,
mabawa kayabandika chokaani
kama ramani iliyokunjuliwa na mtu asiye na haraka.

Mwalimu Nyanzobe wa baiolojia akaja na chupa ya jamu.
Akahesabu kama anayeita mahudhurio:
himaya, wanyama; faila, athropoda;
ngeli, wadudu; oda, wenye mabawa ya magamba;
familia, wapima-dunia, maana kiwavi wake
hana miguu katikati, hujikunja upinde,
hujinyoosha, shubiri kwa shubiri,
huumaliza mpera mzima na haandiki kipimo.

"Na jina lake mwenyewe?"
Akasita. "Jenasi nakisia. Spishi, sijui."

Mimi nafundisha ngeli nyingine.
Kwangu yuko A-WA, nikamwambia, basi.
Nondo huyu, ingawa jirani anayejenga
ana nondo zake za milimita kumi na mbili, zinashika kutu.
Kiwavi naye: ana KI ya kiti na kisu,
lakini akitembea, anatembea.

"Na nikishamchoma pini?"

Nikanyamaza. Sarufi yangu haikusema
ni lini hasa huyu hugeuka hii,
sampuli hii, namba hii.

Tulimfungulia nje, penye majabali, upepo wa ziwa ukivuma.
Akatua kwenye jiwe la rangi yake, kijivu na kuvu.
Tukamulika, tukamulika.
Jiwe tu.

Asubuhi niliiona chupa mezani kwa Nyanzobe,
tupu, imebandikwa karatasi:
tarehe, Bwiru, Mwanza.
Alikuwepo.