Inasomeka, Haiandikiki

Avtandil aliiweka kompyuta mezani kwangu
kama mtu aliyemleta paka kwa daktari:
imeviringishwa shuka, na shuka kwa kamba ya kuanikia nguo.
Nje, theluji ya Kutaisi ilikwisha geuka tope.
"Haiwaki," alisema. "Na ikiwaka, haifiki."
Kisha, macho yakiwa kwenye jiko langu la gesi:
"Futa vyote. Weka mfumo mpya. Vyote, Nato."

Sikuuliza vyote ni vipi.
Fundi huuliza: ilimwagikiwa? Umeme ulikatika?
Ilianguka?
Mara moja, alisema, mwezi wa Oktoba.
Hakusema kama iliangushwa.

Nikaanza na ya kuanzia.
Kebo nikaichomoa, nikaipuliza, nikaichomeka.
Nikabadili kebo. Nikabadili tundu.
Meno ya kumbukumbu nikayasugua kwa kifutio cha mwanangu.
Skrini nyeusi, na kishale kinapepesa pembeni
kama mtu aliyesahau alichokifuata chumbani.

Kwa flashi, ikazinduka.
Diski ikaonekana, ikataja ukubwa wake bila kukosea.
Nikafuta sehemu ya kwanza, ya pili, ya tatu.
Tayari, ikasema.
Nikasakinisha: asilimia kumi, arobaini,
tisini na tisa (hapo nilimaliza chai yote),
mia. Tayari.
Nikazima. Nikawasha.

Kishale kilekile.

Nikaichungulia tena kwa flashi:
sehemu zote tatu zimekaa mahali pake
kama wageni walioambiwa kwaheri wakadhani ni karibu.
Majalada yamejipanga.
Deni la gesi. Kiitaliano, somo la tatu. Tiketi ya Bari.
Nilifungua picha moja tu, kuhakikisha
(ndivyo tusemavyo mafundi):
mwanamke ngazini, kisu mkononi,
anamenya persimoni za kuanika,
ganda moja refu halijakatika, limemfika gotini.

Nikafuta tena. Mara ya tatu nilifuta kwa hasira.
Sikio la kufa halisikii dawa, husemwa;
hili lilisikia, likaitika ndiyo, ndiyo, tayari,
likabaki na lake.

Nikampigia Zaza, Batumi. Akacheka.
"Imejifungia hiyo. Ikihisi imechakaa, hukataa jipya
isije ikapoteza la zamani.
Inasomeka, haiandikiki. Mrudishie mwenyewe."

Ijumaa Avtandil alikuja na uso alionyoa vibaya.
"Imefutika?"
"Haifutiki."
Nikamweleza. Alisikiliza kama asikilizaye bei.
"Mpya ni kiasi gani?"
"Lari tisini."
Akahesabu, noti za mwisho zikitoka mfuko mwingine.

Diski mpya iliwaka kwa sekunde kumi na moja.
Buluu tupu. Aliitazama ile buluu
muda mrefu kuliko inavyostahili.

Ile ya zamani ilikuwa juu ya meza, nyembamba kama biskuti.
Nina nyundo na msumari kwa wateja wenye siri;
kazi hiyo ni lari tano.
"Niipige?" nikauliza.
Akafunga shuka, akafunga kamba,
akafungua fundo, akalifunga upya.
Mlangoni, bila kugeuka:
"Picha za ngazini. Zimo?"
"Zimo."
Akatoka. Kengele ya mlango ikalia baada yake,
kwa kuchelewa, maana nayo inahitaji kutengenezwa.

Hajairudia. Nami sijaipiga.
Ipo kwenye kopo la skrubu, na karatasi juu yake:
niliandika jina lake, nikalikata,
nikaandika Tsiala, nikalikata hilo pia.

Diski za namna hii, zikikaa bila umeme,
husahau polepole, kidogo kidogo, bila kuambia mtu.
Basi kila mwisho wa mwezi, nikishafunga duka,
naichomeka kwa muda wa chai moja.
Sifungui kitu.
Naangalia kitaa chake tu, kikiwaka.