Pale Inaporuka

Ukiniuliza muongo ule, sitakutajia marais
wala mafuriko. Nitakuletea kopo la biskuti
lenye kutu mdomoni, na ndani sidii kumi na moja
zilizochomwa mojamoja kwa kompyuta ya Twalib,
Makadara, ghorofa ya pili,
mashine iliyokuwa ikihema kama mgonjwa wa pumu.

Majina tuliyaandika kwa kalamu ya wino mzito:
Chumvi Mbili. Wajukuu wa Stima.
Na wale wa Changamwe waliokataa jina kabisa,
wakachora mviringo tu. Tukawaita Duara.
Wakanuna, kisha wakaitika.

Rok, tulisema, kwa sauti ya mtu anayetaja dawa.
Bi Thureya wa chini akauliza ngazini:
"Kelele hizo zaitwaje, mwanangu? Au ni ndoo yaburutwa?"
Mara nyingine ilikuwa ndoo kweli.
Kadzo alipiga ndoo ya rangi mwaka mzima
kabla mjomba wake hajamletea ngoma moja ya haja
kutoka kanisa lililofungwa kule Mikindani.

Sizipangi kwa ubora. Nazitoa mkono unavyogusa.

Hii ya Chumvi Mbili, jalada la fotokopi,
mguu wa Shekue ukiruka mtaro.
Nyimbo saba. Ya tatu inakatika katikati ya neno
kwa sababu umeme ulipotea, nao
kwa kiburi, au kwa kukosa nauli ya kurudi tena,
wakaiacha hivyo hivyo.
Tulidhani ni sanaa.
Labda ilikuwa.

Hii ya Duara ilirekodiwa jikoni kwa kina Mwakio.
Tega sikio: dakika ya nne, nyuma ya gitaa,
mamake anafunua sufuria na kusema polepole,
"Wali waungua."
Ndio mstari niupendao katika albamu nzima.
Mama yule hayupo tena.
Wali bado waungua.

Wajukuu wa Stima niliwachukia.
Waliimba mapenzi kwa Kiingereza cha kuazima,
nami nina miaka kumi na tisa, mkali kama siki,
najua kila kitu isipokuwa kupika chai.
Siku ile ukumbini Tononoka
tulikuwa watu thelathini na mmoja,
tisa ndugu zao, mmoja mlinzi,
na mlinzi peke yake ndiye aliyecheza.
Nilisimama mlangoni nikiwa nimekunja mikono.
Leo yao ndiyo nisikilizayo nikipiga pasi.
Usimwambie mtu.

Na hii.
Ya mwisho ya Chumvi Mbili,
kabla Shekue hajakwenda Doha kutandika vitanda vya hoteli.
Ilinianguka sakafuni wiki ile ile aliyoondoka.
Tangu hapo, wimbo wa tano, anapomwomba mtu
amngoje Buxton, sauti hujikwaa:
nisu, nisu, nisu, biri.
Miaka kumi na minne nimeimba hivyo,
bafuni, foleni ya feri, nikimbembeleza mwanangu.
Mwanangu naye huimba hivyo.
Anadhani ndivyo neno lilivyo.

Juma lililopita Kadzo, ambaye siku hizi
hutoa makontena ya watu bandarini
na hupiga meza kwa vidole akingoja mihuri,
aliniletea wimbo ule kwenye simu.
"Nimepata asili yake," kaandika, "safi, haina hata vumbi."

Nikakaa barazani. Nikaongeza sauti.
Ukafika pale, ukapita.
Nisubiri, akasema Shekue, mara moja, wazi,
akaendelea na safari yake,
nami nikabaki mguu hewani
kama mtu ashukaye ngazi gizani
akitafuta kidato kisichokuwapo.

Nimemjibu Kadzo: ahsante, ni nzuri sana.
Kisha nikachukua kitambaa laini,
nikaifuta ile ya koponi, taratibu,
kutoka kati kwenda ukingoni,
nikiukwepa mchubuko.